Kaka Niliyeuziwa Pamoja na Nyumba

Kwanza niwajibu mlionitumia ujumbe wiki hii mkinishauri nimwachie ile nyumba, nibebe cherehani yangu nikaanze upya kwingine. Ahsanteni kwa huruma. Sitoki.

Kwingine ni wapi? Nimegundua anayeambiwa akaanze upya huwa ni mwanamke. Mwanamume yeye anaendelea tu kuanzia pale alipofikia.

Haya. Mara ya mwisho niliwaacha jikoni, asubuhi, nimenyoosha mkono kufungua maji ya chai, mkono ukashika hewa. Koki hakuna. Nikaenda bafuni, hakuna. Uani, hakuna. Jana yake nilikuwa nimeshinda nje nikipeleka makochi ya mteja, nikarudi hoi nikalala bila hata kunawa miguu. Kumbe nyuma yangu nyumba ilivuliwa nguo.

Mwizi hakuhitaji kutafutwa. Mtaani wanamwita Koki. Ni fundi bomba, na kila bomba lililomo humu ndani alilifunga kwa mikono yake. Nimeishi naye miaka, hatukuoana, tumeachana, na nyumba ni yetu sote wawili, nusu kwa nusu.

Kwa aliyeanza kusoma leo, kuna jambo moja lazima alijue, la sivyo hataelewa kitu. Mtaa mzima unaamini mimi na Koki ni kaka na dada.

Msicheke. Aliyetuuzia nyumba ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mkunga mstaafu, aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa huu na kuwatukana nusu iliyobaki. Alikuwa na sharti lake: nyumba haiuzi kwa watu wanaoishi pamoja bila ndoa. "Leo mnapendana, kesho mnarushiana sufuria, na ukuta ni wangu," alisema. Mimi nikawa natafuta maneno ya kumbembeleza. Koki akadakia bila kupepesa macho.

"Mama, huyu ni dada yangu. Tumbo moja."

Nami nikaitikia kwa kichwa. Mimi ni fundi wa makochi, na nyumba ile ina chumba cha mbele chenye mlango mpana, kochi la watu watatu linapita bila kulazwa ubavu. Chumba cha namna hiyo nilikitafuta mpaka soli zikaisha. Wangeniambia niseme Koki ni babu yangu, ningesema.

Mkunga akafurahi, akaandikisha kwamba anawauzia kaka na dada, na ikija kubainika wamemdanganya, nyumba inarudi kwake, na wao watapewa bei ileile waliyotoa. Bei ile leo hainunui hata choo. Tukatia sahihi, tukatoka pale tukacheka mpaka tukashikana mabega. Tulisema tutafunga ndoa kimyakimya tukimaliza kuezeka. Tukamaliza kuezeka. Tukamaliza na dari.

Ndiyo maana nimebaki na uchungu ambao hamjawahi kuusikia. Nimeachwa na mwanamume, na hapa mtaani hakuna hata mmoja aliyenipa pole. Wangenipaje? Kaka haachi mtu. Kaka amehama tu, karibu na kazini. Mimi nililia nikiwa nimeuma kipande cha sponji, Mkunga asisikie.

Basi. Asubuhi ile sikunywa chai. Nilivaa viatu nikamfuata kwenye kibanda chake cha kazi, nikamkuta amekaa juu ya ndoo, anachonga meno ya uzi kwenye ncha ya bomba, anaimba.

"Koki zangu ziko wapi?"

"Salamu kwanza."

"Salamu nitakupa baada ya koki. Ziko wapi?"

"Zako? Nani alizifunga?"

"Nani alizinunua?"

"Tulinunua wote," akasema, taratibu, kama mwalimu. "Lakini kuzifunga nilifunga peke yangu, na mkono wangu haujalipwa mpaka leo. Nimechukua nguvu zangu."

"Ahaa! Basi na mimi nikachukue nguvu zangu. Kochi unalolalia kule ulikopanga nalichana leo hii. Na mabati ya nyumba ni jasho langu, nayaezua."

"Ezua. Atakayenyeshewa ni wewe, mimi siko."

Hapo alinipata kidogo. Nikabadilisha upande.

"Shimo la choo lilipojaa, nani aliita gari la kunyonya?"

"Wewe."

"Ukuta wa uani ulipopasuka?"

"Wewe. Mimi nilikuwa na majukumu."

"Majukumu gani, yale yenye nyusi za wanja?"

Fundi seremala wa kibanda cha pili akacheka kwa pua. Koki akaweka bomba chini. Akaniinamia, sauti ikashuka, na nyinyi mnaomjua Koki tangu mwanzo wa hadithi hii mnajua akishusha sauti ndipo anapouma.

"Sikiliza. Tuuze, tugawane, yaishe. Hutaki, nenda unakotaka ukashtaki. Watakuuliza, huyu bwana ni nani yako? Ukisema ni kaka, kaka na dada wanagawana. Ukisema si kaka, Mkunga anakuja na karatasi yake anachukua nyumba."

"Na wewe utakosa."

"Mimi nitakosa nusu ya nyumba nisiyokaa. Wewe utakosa pa kulala na pa kufanyia kazi siku moja."

"Basi tukose wote."

Akacheka. "Huwezi. Nakujua mimi."

Jamani, hakuna neno linalonipandisha hasira kama hilo. Nilirudi nyumbani nalitafuna njia nzima. Nakujua mimi! Mtu aliyekaa na mimi miaka yote hiyo na hajui natumia kijiko gani cha chai.

Nilipita kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kiti chake cha kaunta kilikuwa kimetoka utumbo, kila akikaa kinamtoboa, anakaa upande. Nikamwambia nipe koki tatu na utepe mweupe wa mafundi bomba, kiti chako nakishona kesho kutwa utakalia kama waziri. Akaniuliza, "Na kaka yako fundi je?" Nikamwambia kaka ana shughuli nyingi. Akanipa.

Nilikuwa nimemtazama Koki akifunga bomba tangu tukiwa na mapenzi. Nikasema, mambo yenyewe haya haya, unazungusha utepe, unakaza, basi. Nikashika spana, nikang'oa kizibo ambacho Koki aliliziba nacho bomba la jikoni.

Nilisahau kufunga maji kule kwenye mita.

Maji yalinipiga kifuani nikakaa chini. Yakapiga dari. Yakatoka jikoni yakaenda kuamkia chumba cha mbele, yakakuta sponji zangu zimepangwa sakafuni, zikayanywa yote bila kuacha hata tone. Nikawa nimeziba bomba kwa kiganja, napiga kelele, na kiganja hakitoshi.

"Kuna mtu anazama humo?" Sauti ya Mkunga, ukutani.

"Nafunga koki, mama!"

Mara nikaona maji yanapungua, yanapungua, yameisha. Mkunga alikuwa amezunguka nje akafunga kwenye mita. Akaingia, kanga ameipandisha magotini, akanitazama pale chini kama anavyowatazama wazazi wa mimba ya kwanza.

"Fundi bomba ana dada anafunga koki kwa meno. Yuko wapi kaka yako?"

"Ana safari, mama."

"Jana nilimwona anatoka humu na begi la vyuma linagongana. Nikasema labda anatengeneza."

"Alikuwa anatengeneza."

Akaguna. Mguno wa Mkunga ni mrefu, una mwanzo na mwisho. Lakini hakuuliza zaidi. Alinishikia bomba, mimi nikakaza. Ya jikoni tuliifunga, ya bafuni tuliifunga, ya uani tuliifunga. Zinavuja kidogo, sikatai. Zinavuja za kwangu.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi mimi huzunguka maduka ya vitambaa kuanzia asubuhi mpaka jioni, na wateja wangu wote wanajua. Safari hii sikwenda, nitanunua kitambaa cha kufunika nini wakati sponji zinachuruzika? Nilibaki nazikamua na kuzianika, mlango wa mbele nimeufunga nusu.

"Hodi?"

Akaingia mwanamke mdogo kwangu kwa umri, tuseme kama mdogo wangu wa mwisho. Amevaa koti jeupe la duka la dawa, amelikunja mikono. Uso mzuri, uso wa mtu anayeuliza wagonjwa wamekula kabla ya kuwapa vidonge.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu. Makochi au viti?"

"Makochi. Seti nzima." Akatabasamu, akaona haya. "Aliniambia nisije leo, eti Alhamisi huwa hamna mtu. Nikasema nipite tu nijaribu bahati, duka tumefunga mapema. Ndiyo nimekupata, wifi."

Nikadhani kachanganya nyumba.

"Wifi wa nani, mwanangu?"

"Jamani! Hakukwambia? Mimi ndiye mchumba wa kaka."

Nilikuwa nimeshika sponji iliyolowa. Nikaikamua. Maji yote yakaniingia kiatuni.

Nyinyi mlionijua tangu mwanzo mngetegemea nini? Nimpandie? Nilitaka. Naapa nilitaka. Lakini kabla sijafungua mdomo yule mwanamke alinyanyua futi yangu mezani, akaanza kupima chumba. Chumba changu cha mbele.

"Hapa nataka la watu watatu," akasema. "Hapa mawili ya mtu mmoja mmoja. Meza katikati. Itaenea, wifi, wewe unaonaje? Wewe ndiye fundi."

"Litaenea wapi?"

"Hapa sebuleni. Ukishahama."

Koki ya jikoni, ile niliyoifunga mwenyewe, ikawa inadondosha.

"Nikishahama," nikasema.

Akaacha futi. Akanishika mikono yote miwili, mikono yangu yenye gundi, hakuona kinyaa.

"Nilitaka nikushukuru kwa mdomo wangu. Si dada wengi wangekubali kuuza fungu lao ili kaka aanze maisha. Nilimwambia, mimi nitazitoa, akiba yangu yote ya dukani, lakini dada alipwe chake kamili, asije akaingia kwetu na kinyongo. Akaniambia umepokea nusu ya kwanza na umeridhika. Leo jioni nammalizia." Akagusa pochi yake. "Nimezitoa benki leo."

Wasomaji wangu, mimi sijapokea chochote. Koki hajanipa hata pole.

Nikakaa kwenye ukingo wa kochi lisilo na kitambaa, chemchemi za chuma zikanichoma, nikaziacha zinichome. Nilielewa yote kwa mkupuo mmoja. Nusu yangu imeshauzwa mara moja bila mimi, kwa mwanamke mwenye roho safi, na jioni itamaliziwa kuuzwa. Nikinyamaza, huyu atalipa, atakuja na makochi yake, na hata mahakamani atakuwa na haki ya kunidai. Nikisema Koki ni mwongo, ataniuliza, kwa nini kaka aniibie mimi na amwibie dada yake? Na ukweli una mlango mmoja tu wa kutokea, na nje ya mlango huo amekaa Mkunga na karatasi yake.

Tena alikuwa amekaa kweli. Maana hapohapo nilisikia kandambili zake.

"Nimekuja kuona kama umelala na maji," akasema, akaingia, akamtazama mgeni. "Huyu nani?"

"Mimi ni mchumba wa kaka yake, mama. Shikamoo."

"Marahaba! Kaka anaoa?" Mkunga akanigeukia, uso umechanua. "Na wewe umenyamaza kama umekula gundi!"

Yule mwanamke akacheka, halafu akaniona vizuri. Kicheko kikamwisha.

"Wifi," akasema polepole. "Kwani hukumwuzia kaka yako?"

Ningeweza kusema nimemwuzia. Ningeweza kusema bado tunazungumza. Kulikuwa na uongo mzuri wa kila aina, na mimi naujua uongo, nimeuishi kwenye nyumba yenye vyumba viwili vya kulala na mapazia mawili tofauti ili majirani waridhike. Nikaiangalia ile pochi. Nikalikumbuka lile neno. Huwezi. Nakujua mimi.

"Sijamwuzia," nikasema. "Na yule si kaka yangu."

Mkunga ndiye aliyeanza. Akakuna sikio lake taratibu kwa kidole kidogo.

"Masikio yangu siku hizi mazito," akasema, akiangalia dari, pale maji yalipoacha alama. "Mimi nimekuja kuuliza habari za maji. Kama kuna kitu kimesemwa hapa, sikukisikia. Kikisemwa mara ya pili, nitakisikia, na nikikisikia siwezi kukisahau. Nimeeleweka?"

Nimeeleweka! Mwanamke yule mkali, aliyewahi kumkemea mchungaji na shehe kwa siku moja, alikuwa ananifungulia mlango wa nyuma nipite. Machozi yakanijia, sio ya sponji. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza, na chumba changu kinabaki changu angalau mpaka jioni.

Lakini yule mwenye koti jeupe alikuwa ananitazama, pochi ameikumbatia kwa mikono miwili, na ndani akiba yake yote ya kusimama nyuma ya kaunta.

Nikasimama. Nikalisema tena, kwa sauti ya mtu anayeuza samaki.

"Mama, Koki si kaka yangu. Hajawahi kuwa kaka yangu. Alikuwa mwanamume wangu, tulikudanganya wote wawili tupate nyumba, na sasa anamwibia huyu binti kwa jina langu. Umesikia?"

"Nimesikia," akasema Mkunga.

Akakaa. Alizeeka mbele yangu, naapa. Halafu akanyoosha kiganja.

"Basi ufunguo."

"Mama..."

"Niliandika, ukatia sahihi. Sikukulazimisha kurudia. Nyumba ni yangu. Ufunguo."

Mchumba naye ameshatoa simu, anatafuta jina. "Ngoja nimpigie aniambie mwenyewe. Ngoja. Hawezi. Yeye hawezi."

"Hupigi," nikasema.

"Kwa nini nisipige?"

"Kwa sababu ukipiga atakuwa na nafasi ya kutunga. Mimi ninamjua akipewa nafasi!"

Nikaenda mlangoni nikaufunga, nikasukuma komeo. Mkunga akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

"Unanifungia ndani ya nyumba yangu?"

"Nakufungia, mama. Utanitoa, sawa, nimekubali kutolewa, nilijua nasema nini. Lakini sitoki kabla yule bwana hajasimama hapa mbele yetu sote watatu akasema ni nani wa nani, na pesa za huyu ziko wapi. Akimaliza kusema, ufunguo huu hapa, na makochi nitayabeba kichwani."

Mkunga akafungua mdomo anitukane. Hakuwahi.

Nje, pikipiki ilizimwa. Hatua za watu wawili, si za mmoja. Na sauti ile, sauti nzuri ya fundi akimpokea mteja, ikapita dirishani ikatufikia kila mmoja mahali pake.

"Karibu, mzee, pita huku, angalia matope. Mabati haya bado mapya. Maji yapo ndani, nilifunga mwenyewe. Leo hamna mtu, tutazunguka kwa nafasi."

"Na huyo dada yako mnayemiliki naye?" Sauti nzito, ya mtu mzima, siifahamu. "Sitaki ugomvi wa ndugu, nalipa taslimu."

"Dada alishahama zamani. Ameridhika kabisa."

Mchumba akajiziba mdomo kwa pochi. Nyumba ileile, mara moja kwake, mara ya pili kwa huyu. Nilimwona anapiga hesabu ileile niliyoipiga mimi, na nilimwona akiimaliza.

Ufunguo ukaingia kwenye tundu, ukazunguka. Mlango ukasukumwa, haukwenda.

"Mgumu kidogo," Koki akasema huko nje, akicheka. "Dada hakuwa mtunzaji."

Mkunga akainuka. Akanipita, akaenda kwenye kochi lile la watu watatu, akakaa katikati juu ya chemchemi tupu bila hata kukunja uso, akampapasia mchumba nafasi ya kulia. Mchumba akakaa. Kisha akaupapasa upande wa kushoto, wa kwangu, akanyoosha kidole kwenye komeo.

Nikalivuta.